Hatua Nne za Limi

Kila asubuhi Limi aliteka maji, akamwagilia miche ya tumbaku ya bibi yake, kisha akalitazama koti la baba yake lililotundikwa nyuma ya mlango. Miezi minane lilikuwa hapo. Baba alikuwa Geita akichimba dhahabu, na simu yake ilipatikana siku ilipotaka yenyewe. Limi alikuwa na hamu naye hata uji ulikosa ladha.

Basi Mwalimu Violeth wa klabu ya sayansi alipotangaza kwamba kifaa bora kitapelekwa kwenye maonyesho Geita, Limi hakuhitaji kubembelezwa. Alichomoa taa ya rimoti mbovu, ile inayotoa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, akaiunganisha na chipu ndogo inayofuata maagizo. Upande wa pili aliweka kipokezi, chipu nyingine na balbu nyekundu. Akibonyeza kitufe, mwanga ulipepesa kwa mpangilio alioupanga, na ile balbu ikawaka mara tatu. Darasani ujumbe ulifika hatua kumi.

"Maonyesho ni uwanjani," alisema Mwalimu. "Nje umepima?"

Limi hakuwa amepima. "Ndiyo, Mwalimu. Hatua kumi vilevile." Akaandika hivyo daftarini, na jina lake likapitishwa.

Jumamosi mchana alitoka uani kujaribu. Hatua kumi, kimya. Tano, kimya. Jua nalo lina infraredi, tena tele, na lilikuwa limekizidi nguvu kipokezi chake kama ngoma inavyomeza mnong'ono. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Limi iliishia hapohapo uani.

Jumatatu aliingia ofisini na daftari kifuani. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona machozi?"

"Niliandika uongo. Nje sikupima. Nilitaka kwenda Geita nikamwone Baba."

Mwalimu alilipokea daftari. "Pole, mwanangu. Lakini jina lako nalifuta mpaka upime mbele yangu. Una siku tatu."

Siku hizo tatu Limi hakucheza. Alikivika kipokezi kipande cha bomba jeusi ili kitazame mbele tu, akaongeza taa ya pili, akapima, akakosea, akapima tena. Alhamisi, saa saba juani, Mwalimu alihesabu hatua nne. Limi akaandika nne, na jina lake likarudi.

Huko Geita Mwalimu alimpata Baba kwa simu, naye akafika uwanjani na viatu vya matope, amekonda. Limi alimkabidhi kipokezi, akarudi nyuma hatua nne, akabonyeza. Balbu ikawaka mara tatu mkononi mwa Baba.

"Inasema nini?"

"Rudi nyumbani, Baba."

Baba aliinamisha kichwa. "Mwalimu amenisimulia habari za daftari," alisema. "Kule shimoni, mtu akisema magogo ya kuzuia ukuta ameyakagua kumbe hajayagusa, wenzake ndio wanaofukiwa. Kipimo cha kweli, hata kiwe kidogo, ndicho mtu anachoweza kukitegemea. Nami nikupe changu cha kweli: leo sirudi. Nitakuja mwezi wa sita, tumbaku ikiuzwa."

Limi alilia. Lakini tangu siku hiyo, kila alipolitazama lile koti nyuma ya mlango, alikuwa na miezi ya kuhesabu.