Mkono wa Fundi Athmani

Saa kumi za alasiri, wauza madafu wawili walikuwa wakigombania kivuli cha ukuta katika mtaa wa Ndia Kuu. Athmani, fundi wa kanzu, alikuwa barazani kwake akidarizi shingo ya kanzu. Mkewe, Fairuz, alikuwa akipiga pasi.

"Ondoa mkokoteni wako!" Kavumbi, mmoja wao, alifoka. Mkononi alikuwa na panga la kukatia madafu.

"Kivuli umekinunua?" mwenzake, Tsofa, alimjibu. Panga lake lilikuwa juu ya mkokoteni.

"Nimekwambia ondoa! Ama masikio umeyaacha kwenu Kaloleni?"

Athmani aliweka sindano chini.

"Baba Riyadh, usiende," Fairuz alisema. "Yule ana panga."

"Vijana wangu hawa. Wananijua."

Mtaani kwao, mtu mzima akiingia kati na kusema "Mswalieni Mtume," ugomvi huisha. Athmani aliingia, akayasema maneno hayo. Kisha akamkumbatia Tsofa kwa nyuma, mikono yote miwili, maana huyo ndiye aliyemzoea zaidi.

"Niache, mzee! Niache nikimbie!" Tsofa alipiga kelele.

Kavumbi alishusha panga. Lilimkata Tsofa begani. Liliposhuka tena, Athmani aliinua mkono wa kulia kujikinga, likamkata.

Hospitali waliwashona wote wawili. Kano za vidole vitatu vya Athmani zilikuwa zimekatika. Kidonda kilipona, lakini vidole havikukunjika tena. Sindano hakuweza kuishika.

Jirani yao Kadzo, ambaye ni nesi, alikuwa akija kumfunga kidonda kabla hakijapona.

"Mwanangu, kosa langu ni lipi?" Athmani alimuuliza. "Niliamua ugomvi."

"Ulimshika aliyetaka kukimbia, mzee. Mwenye panga hukumshika."

Athmani aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Mtu mwenye hasira haangalii anamkata nani," Kadzo aliendelea. "Hata akikujua."

"Basi niwaache wauane?"

"La. Simama mbali. Piga kelele, ita watu. Piga simu polisi, 999. Watajie mahali na silaha. Anayekimbia, mfungulie mlango ukiwa na nafasi ya kuufunga. Mwenye silaha akishaondoka, ndipo umwendee aliyeumia. Kandamiza kidonda kwa kitambaa safi."

"Watu wataniita mwoga."

"Waache wakuite."

Mwaka uliofuata, dereva wa tuktuk aligombana na Mung'aro, kijana wa mkokoteni wa maji, mbele ya nyumba ya Athmani. Dereva alichomoa kisu. Athmani aliinuka, akapiga hatua moja. Akasimama.

"Jamani, ana kisu! Kaeni mbali!" alipaza sauti. "Mung'aro, huku! Ingia!"

Mung'aro alikimbilia ndani. Athmani alisukuma komeo kwa mkono wa kushoto. Fairuz alikuwa tayari anaongea na polisi kwa simu.

Dereva aliupiga mlango mateke. "Mzee mwoga! Umejificha nyuma ya mkeo! Toka!"

Athmani alibaki ameshika komeo. Mung'aro alikuwa ameketi sakafuni.

Watu walijaa barabarani, wakapiga kelele bila kumkaribia. Dereva aliondoka. Polisi walimkamata mwisho wa mtaa, kisu kikiwa mfukoni. Mung'aro alitoka bila jeraha.

Askari aliandika maelezo ya Athmani, akampa kalamu atie sahihi. Kalamu ilimponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Askari akamsogezea wino. Athmani akaweka alama ya dole gumba la kushoto.