Posa ya Jumapili

Jumamosi ile soko la Tukuyu lilikuwa limefurika watu, na mvua nayo haikuwa na huruma. Godwin, mkulima wa Isongole, alikuwa amechuchumaa akipanga viazi vyake. Mara gurudumu la baiskeli likapita juu ya kichwa chake, likalipiga debe, na viazi vikatawanyika hadi miguuni mwa wauza ndizi.

"Wee dada! Siku hizi baiskeli ndiyo inampanda mtu?"

Msichana aligeuka, baiskeli ingali begani. Alikuwa mrefu, amevaa kaptura nyeusi na jaketi la mvua la kijani, na matope yamemtapakaa toka unyayo hadi kwenye nyusi. Macho yake yalikuwa yanacheka.

"Samahani sana, kaka. Ila kisheria kosa ni nusu kwa nusu. Nani kakwambia uweke debe njiani?"

"Kisheria? Kwani wewe hakimu?"

"Bado. Nasoma sheria Mbeya, mwaka wa mwisho." Akainama kuokota viazi, kimoja kimoja. "Naitwa Tulinagwe."

Hapo ndipo Godwin alipopotea, na hakujitafuta.

Kumpenda Tulinagwe kulitaka ratiba. Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa mali ya vitabu, Jumamosi mali ya matope. Yeye na wenzake kama kumi na wawili walikuwa wakishindana kwa baiskeli kwenye njia za mashamba ya chai. Walizunguka raundi sita, wakiruka magogo, na penye mlima mkali kila mtu alibeba baiskeli yake begani akakimbia nayo. Hakuna aliyelipwa, lakini kwa wivu wa ushindi waliokuwa nao ungedhani wanagombea ufalme. Kanuni zao aliziandika Tulinagwe mwenyewe, na kali kuliko zote ilikuwa hii: atakayesaidiwa na mtu nje ya kituo cha baiskeli za akiba, ametoka mashindanoni.

Kituoni alisimama Godwin, baiskeli ya akiba mkono huu, ndoo ya maji mkono ule.

"Wakili wangu, jana umelala saa ngapi?"

"Sikulala. Nilikuwa na sheria ya ardhi."

"Afadhali ardhi, inakupata kila siku. Mimi nakupata lini?"

"Wewe mwanaume una makelele! Nipe maji."

Ilipofika Agosti, Tulinagwe akapata nafasi ya kwenda Dar kusomea uwakili. Godwin hakutaka aondoke hivi hivi. Alitaka posa ifike kwanza.

"Subiri mbio za mwisho ziishe," Tulinagwe alimwambia, akimfuta tope shavuni. "Jumapili yake mtume mshenga kwa baba. Nikirudi na uwakili wangu, tufunge ndoa."

Mbio za mwisho zikaja. Raundi ya sita Tulinagwe alikuwa anaongoza. Kwenye korongo chini ya mashamba ya chai aliteleza, baiskeli ikamwangukia, damu ikamtoka kwenye paji la uso. Godwin aliona damu tu. Aliitupa baiskeli ya akiba, akakimbia, akamshika kwapani akamwinua.

"Niache! Godi, niache!"

Filimbi ikalia. Tulinagwe alitolewa kwa kanuni aliyoiandika kwa mkono wake. Alichukua baiskeli, akaenda zake bila kumtazama mtu, na simu akaizima.

Mtu mwenye akili angemzuia mshenga. Godwin alijidanganya kwamba posa ingepoza hasira, akamwacha mshenga wake, Mzee Nsajigwa, avae koti lake aende Ibighi kwa baba yake Tulinagwe. Jioni mzee alirudi anacheka.

"Ndaga, Mungu ashukuriwe, mwanangu! Mzee Ambokile amekubali. Ndoa Desemba. Mambo ya Dar anasema basi, mchumba wa mtu hawezi kukaa kule peke yake."

Hapo hapo simu ya Godwin ikalia. Alikuwa Tulinagwe.

"Godi, umefanya nini?"

"Tuli, mpenzi, si tulikubaliana Jumapili..."

"Tulikubaliana kabla ya jana! Hata kuniuliza?"

"Ulikuwa hupatikani. Halafu jana nimekuona unatoka damu, ningesimamaje?"

"Ungesimama tu!" Sauti ilimkatika. "Huku nyumbani kila mtu ananibeba. Baba, kaka, wajomba. Matopeni ndiyo nilikuwa naanguka na kuinuka mwenyewe, na wewe ulikuwa unanitazama kama mtu anayejua nitainuka. Sasa baba keshatoa neno. Shule imekufa, Godi. Mbele ya wazee siwezi kumpinga, unamjua."

Godwin alikaa juu ya gunia la viazi. Moyo ulimuuma, na aibu ilimuuma zaidi.

"Niambie nifanye nini," alisema. "Safari hii nakuuliza."

Godwin alisikia Tulinagwe akifunga mlango.

"Iondoe posa. Lakini ukisema ni kwa ajili ya masomo, baba atasema masomo yatasubiri. Atataka sababu." Akavuta pumzi. "Sema una mwanamke mwingine."

"Hatanipokea tena maisha yangu yote."

"Najua."

"Hata ukirudi wakili."

"Najua, Godi. Unadhani mimi sina moyo?" Sasa alikuwa analia waziwazi. "Nakupenda. Fanya hivyo."

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Sebuleni kwa Mzee Ambokile, Godwin alisimama katika shati lake jeupe, mikono mbele, na Mzee Nsajigwa pembeni yake haelewi kitu.

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Naiondoa posa."

"Binti yangu ana kasoro gani?"

"Hana. Kasoro ni yangu. Nina mwanamke mwingine."

Tulinagwe alikuwa ameingia na sinia la chai, kitenge kiunoni, plasta kwenye paji la uso. Vikombe vililia juu ya sinia.

"Umesikia, mwanangu?" baba yake alifoka. "Una la kumwambia huyu mhuni?"

Alimtazama Godwin kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbio. Midomo ilimtetemeka, na kila mtu mle ndani alidhani ni hasira.

"Aende tu, baba. Mimi nitakwenda shule."

"Utakwenda," alisema Mzee Ambokile. "Na wewe, kijana, nyumba hii usiijue tena."

Godwin na Mzee Nsajigwa walitembea kwenye mvua hadi barabara kubwa. Hapo Godwin alishindwa kujizuia, akalia kama mtu aliyefiwa. Mzee Nsajigwa alimsogezea mwavuli.

"Umeniaibisha uzeeni, mwanangu. Haya, huyo mwanamke mwingine ni nani?"

"Hayupo, baba."

Mzee akasimama.

"Hayupo? Sasa ulisema vile kwa nini?"

"Tulinagwe ndiye aliyeniomba."