Kumshusha Tamimu Gorong'a

Daraja lilikatika wakiwa katikati. Gogo la mwisho lilipinduka, na Tamimu, aliyekuwa nyuma akisukuma baiskeli, akaenda nalo chini. Wangwe, mbele kwenye usukani, aliruka hadi ukingoni na baiskeli yake, mfuko wa mawe ya dhahabu ukiwa bado umefungwa kwenye keria. Alipogeuka, maji mekundu yalikuwa yamembana kijana kwenye magogo, na mguu wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Alimburuta nje kwa mkanda wa suruali. Mfupa ulikuwa unachungulia.

"Ndiyo nakufa, mzee?"

"Nani kakuruhusu? Ng'ata hii kamba."

Wangwe alichana shati lake, akakaza juu ya jeraha, akaunyoosha mguu kati ya mbao mbili za daraja. Mbao zenyewe nyembamba, hata kwa kazi hiyo. Hili ndilo daraja ambalo wakubwa walikuja kukata utepe, wakala mbuzi, wakaondoka. Lile la kabla yake lilizolewa na maji mwaka ambao Agustina, mke wa Wangwe, alilala ukingoni hapo na uchungu wa uzazi akisubiri gari la wagonjwa. Gari halikuja. Tangu siku ile Wangwe alichimba kama mtu anayewatafuta chini ya ardhi waliomuulia mke.

Kituo cha afya kilikuwa Gorong'a, ng'ambo ya kilima. Simu haikushika mtandao. Wangwe akafungua mfuko wa mawe, jasho la masika nzima, akaupiga teke ukaingia mtoni.

"Mzee, dhahabu hiyo!"

"Nyamaza, usimalize pumzi."

Akampakia kwenye keria kama watu wote wanavyopakiana. Tairi la nyuma likapanda jiwe, Tamimu akapiga ukelele, kitambaa kikalowa damu upya. Jiwe jingine, damu tena. Wakienda hivi, angefika Gorong'a mkavu.

Tamimu alikuwa fundi baiskeli wa Tarime mjini, aliyeifuata rashi, zile mbio za watu kukimbilia dhahabu mpya, na mfuko wake wa spana. Maumivu hayakumfunga mdomo.

"Nishushe. Keria imefungwa kwenye mkono wa nyuma, pamoja na gurudumu. Gurudumu likiruka, naruka nalo. Kilicho juu ya springi ni siti. Niweke kwenye siti."

Baiskeli hiyo ilikuwa ya milimani, Wangwe aliipata kwenye mitumba ya Sirari. Fremu yake ilikuwa vipande viwili vilivyoungwa kama bawaba, katikati springi nene yenye shokamzoba ndani. Akamkalisha kwenye siti, mguu uliovunjika ukalazwa juu ya bomba la fremu. Wakaenda, Wangwe akiisukuma kwa miguu. Mawe yakaendelea kumchoma vilevile.

Tamimu akapapasa chini yake. "Mzee Wangwe, nini hiki?"

"Kigingi."

"Cha nini?"

"Ilikuwa inalala nikipanda na mfuko mgongoni. Nikaizuia."

"Yaani umenunua springi, halafu ukaichomekea mti isifanye kazi! Nyie Wakurya mtakuja kumfunga ng'ombe mdomo ili majani yasiishe."

"Mura, tusi hilo utanilipa ukipona."

Akakigonga kigingi kwa jiwe kikatoka. Sasa ikawa laini mno: kila shimo springi ilizama mpaka chuma kikagonga chuma, ko! Tamimu akamwonyesha pete inayoibana springi. Wangwe akaizungusha kwa spana hadi ikagoma. Baiskeli ikageuka punda, ikamrusha mgonjwa kwenye kila kokoto.

"Umekaza kama unamkaba diwani," Tamimu alisema, midomo myeupe. "Legeza. Nikikaa tu, izame kidogo, kama robo ya safari yake. Hapo gurudumu litaingia shimoni bila kuniita na mimi. Isipozama ni sawa na kigingi chako. Ikizama yote, haina tena pa kwenda."

Akalegeza, akamkalisha, wakatazama. Akalegeza tena. Mara hii jiwe lilipita chini yao na Tamimu hakulia, alikunja uso tu.

Mvua ilirudi. Tamimu aliomba maji.

"Ya mto usinipe. Yana zebaki."

Wangwe alijua. Wenye vibali vya migodi waliosha mchanga wao juu ya visima vya watu, na mkaguzi akija alipewa soda. Akatandaza koti, akakinga mvua, akamnywesha. Yaliyobaki akaoshea jeraha.

Kwenye kona wakawakuta tembo, kundi zima kutoka hifadhini, limeziba njia katikati ya mahindi ya watu. Ukiua swala mmoja, gari la askari linafika hujafuta kisu. Tembo wakimaliza shamba, gari halina mafuta.

"Upepo?" Tamimu alinong'ona.

"Unatoka kwao. Bado hawajatunusa."

"Basi tushukie kwenye mawe." Kushoto mteremko uliporomoka hadi barabara kuu. "Ngoja. Kuna skrubu nyekundu kwenye shokamzoba. Izungushe kuelekea picha ya kobe. Inapunguza kasi ya springi kurudi. Ikirudi kwa pupa hapa, itanitupa juu ya kichwa chako."

"Mpaka mwisho?"

"Wewe kila kitu mpaka mwisho! Ikichelewa mno, jiwe la pili litaikuta bado imelala."

Wangwe akazungusha kidogo, akaibonyeza siti. Ikapanda polepole, kama mtu anayeamka bila haraka.

Wakashuka. Wangwe alining'inia kwenye breki, visigino vikilima tope, bega lake likiwa ukuta wa mgongo wa Tamimu. Jiwe, springi ikazama, ikapanda. Jiwe, ikazama. Nyuma yao tembo jike akapiga mlio, vichaka vikavunjika. Wangwe aliteleza, goti likapasuka, usukani hakuuachia. Walipofika barabarani kitambaa kilikuwa na damu ileile ya zamani. Lakini Tamimu alikuwa ameanza kusinzia usingizi mbaya.

Gari jeupe la serikali likaja. Wangwe akasimama katikati.

"Toa baiskeli, mzee!" dereva alifoka. "Tunawahi kukagua daraja."

"Daraja ndilo hili," Wangwe alisema, akionyesha mbao zilizofungwa mguuni.

Mkubwa aliyeketi kiti cha nyuma akashusha kioo. "Gari hili si la wagonjwa. Piga simu kituoni, watatuma."

"La kutumwa nilishalisubiri. Nikazika." Maneno hayo hayakuwahi kutoka mdomoni mwake. Sasa yalitoka kwa sauti ya juu. "Shuka. Mguu lazima ulale."

Dereva alimtazama bosi wake, akaitazama damu, akateremka mwenyewe kumshika Tamimu mabega. Mkubwa akashuka, akabaki kwenye tope, amepewa baiskeli aishike.

Kituoni muuguzi Verdiana alisema damu iliyobaki imetosha, mguu utaungwa. Wangwe alisimama mlangoni mpaka aliposikia Tamimu akimtukana kwa jina. Dereva akamsogelea, funguo mkononi.

"Sasa mzee, nirudi kumchukua bosi?"

"Kunywa chai kwanza," Wangwe alisema.