Ncha Iliyopinda

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia maabara ya shangazi yake ili warudi nyumbani pamoja. Waliomwita Chiriku hawakukosea, kwa maana mdomo wake haukujua kupumzika. Leo, hata hivyo, alikaa kimya kwenye kigoda akiukodolea macho mkoba wake.

Mezani palikuwa na chombo cha chuma kilichonyonywa hewa yote. Ndani yake mlikuwa na sindano yenye ncha nyembamba mara elfu kuliko unywele. Mwanga wa leza ukiipiga, elektroni huruka kutoka nchani upesi mno, hata kufumba na kufumbua macho ni kuchelewa. Leo hazikuruka.

"Labda vioo vyangu vinapeleka mwanga kombo," alisema fundi wa leza, akivifungua upya. Shati lilikuwa limemlowa jasho.

"Umekuwa ukisema hivyo tangu asubuhi," shangazi alijibu. "Ikishindikana, kesho nitamwita fundi mwingine."

Jana, shangazi alipotoka kidogo, Chiriku alifungua kisanduku ilimohifadhiwa sindano kabla ya kuwekwa chomboni, akaigusa ncha kwa kidole, aone kama inachoma kama sindano ya kushonea. Haikuchoma. Akairudisha, akajiambia hakuna kilichoharibika.

"Chiriku, umemeza gundi?" fundi alimtania, ingawa uso wake ulikuwa umechoka.

Utani ule ulimuumiza kuliko kukaripiwa. "Si vioo vyako, mjomba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Jana niliigusa ncha."

Shangazi aliitoa sindano akaiweka kwenye hadubini. Ncha ilikuwa imepinda kama ndoano.

"Nisamehe, kaka," alimwambia fundi. "Nimekulaumu bure." Kisha akamgeukia Chiriku. "Sindano nyingine tutachonga. Uliipinda kwa kutojua, na kama ungesema, hilo lingekwisha jana ileile. Lakini leo ulijua, ukamwacha mwenzako abebe mzigo wako. Kosa la jana lilikuwa la kidole, mwanangu. La leo ni la moyo."

Chiriku aliinamisha kichwa. Fundi alimpa glavu na kikopo cha skrubu, wavirudishe vioo pamoja.

"Haya, nipe habari za shule," alisema. "Kimya chako kinanitisha."

Chiriku alifungua mdomo, lakini kilichotoka ni, "Nisamehe, mjomba."