Aliyemjibu Fundi

Wiki ile barua pepe za kiwanda cha magodoro zilikuwa haziendi tawini. Mhasibu akituma, haifiki. Mkurugenzi akituma, haifiki. Watu walimpigia fundi wa kompyuta simu kama vile yeye ndiye aliyezizuia, naye akawajibu "nashughulikia," huku akificha jambo moja lililomtatiza. Barua zake yeye zilikuwa zinajibiwa.

Alikuwa akimwandikia mdogo wake, karani wa hukohuko tawini. Dada hawa walikuwa hawasemezani tangu msiba wa mama yao, kwa maneno makali waliyoambiana mbele ya waombolezaji. Fundi alibaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, anakula amesimama jikoni, analala redio ikiongea. Halafu Jumatatu aliandika mistari miwili, akiomba radhi na kuuliza kama bado kuna mtu wa kumjibu, na kabla chai yake haijapoa akajibiwa: "Yameisha, dada. Nilikuwa nakusubiri." Tangu hapo waliandikiana kutwa. Mdogo wake alikumbuka kila kitu, hata wimbo aliouimba mama yao akifua, na lile neno la wimbo alilokuwa akilikosea palepale kila siku.

Basi Alhamisi mchana alipokwenda chumba cha seva kutafuta hitilafu, moyo wake haukuwa mzito. Chumba hakikuwa na dirisha. Alipofungua mlango alikutana na harufu ya udongo ulionyeshewa. Akatazama dari, akapapasa sakafu chini ya kiyoyozi. Pakavu.

Akampigia fundi wa tawi.

"Seva yangu nzima," alisema mwenzake. "Yako ndiyo inakataa. Nikibisha hodi, inanikatia."

"Na mimi huku naona yako ndiyo inayokata."

"Basi kuna mtu katikati," fundi wa tawi alisema, akacheka.

Fundi alikata simu, akabadilisha waya, akazima ulinzi wa mtandao na kuuwasha upya, akahakiki anwani. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo akafungua kumbukumbu za seva aone barua zake zilipita wapi, ili za wenzake azipitishe njia hiyohiyo. Hazikuwa zimepita popote. Zilikuwa zimekwama pamoja na za mhasibu. Na majibu aliyokuwa akiyapata hayakutoka tawini. Yalianzia humuhumu chumbani.

Alimpigia mdogo wake. Simu iliita sana.

"Ndiyo," mdogo wake alisema, kama anavyoongea na mteja.

"Zile barua tulizoandikiana wiki hii. Za mama."

"Mimi sijakuandikia kitu, dada. Na sina la kukuandikia. Niko kazini." Akakata.

Seva mbili za barua zikikutana, moja hubisha hodi kwa kutaja jina lake, nyingine huitikia kwa kutaja lake, ndipo barua zipite. Kwa kawaida hufanya hivyo zenyewe, lakini fundi anaweza kubisha kwa mkono wake, na yeye alibisha, herufi moja moja, na alipokuwa anasubiri feni zilianza kupungua sauti moja baada ya nyingine kama watu wanaonyamazishana, na harufu ya udongo ikazidi mpaka akahisi unyevu kooni, na nyuma yake, kwenye kona isiyokuwa na kitu ila maboksi matupu, mtu akaanza kuimba wimbo ule wa kufulia, taratibu, na alipolifikia neno ambalo mama alikuwa akilikosea, naye akalikosea.

Kwenye skrini palikuwa pametokea jibu. "Nipo. Usinikate."

Hakugeuka. Aliandika: "Wewe ni nani?"

"Ninayekujibu."

"Kwa nini mimi?"

"Wengine waliandika mambo ya kazi. Wewe peke yako uliuliza kama kuna mtu."

Alitoka akiacha mlango wazi. Korido nzima alikuwemo mama wa usafi tu, na huyo ndiye fundi aliyemweleza yaliyomkuta.

"Chumba hicho niliacha kukipiga deki," mama wa usafi alinong'ona. "Nikimaliza naona nyayo. Zinatoka konani, zinakuja mlangoni. Usimwambie mtu, mwanangu. Kesho nitakuletea mganga."

Mganga alikuja wakati wakubwa wamekwenda kula, amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika chupa ya maji. Fundi alimwomba asinyunyizie mitambo. Mganga akasema hata nyumbani kwake ana runinga, anajua.

Alisimama kati ya seva, akavuta pumzi puani.

"Ni jini," alisema. "Amewakatia wenzako njia ili abaki na wewe. Mimi nitasoma, lakini neno la kumfukuza liwe lako."

Akaanza kusoma, akinyunyiza maji kizingitini. Kisha akamwashiria.

"Ondoka," fundi alisema.

"Sijakusikia," mganga alisema.

"Ondoka."

Feni zote zikavuma kwa pamoja. Barua zilizokwama zikaanza kutoka moja moja, na harufu ikaisha. Mganga alimtazama fundi kwa muda, kama daktari mwenye habari asiyoipenda.

"Hapa ametoka," alisema. "Alikokwenda, unakujua wewe."

Jioni ile ofisi ilichangamka. Mhasibu alipita akisema hatimaye, mkurugenzi akapita akiongea na simu, taa zikazimwa. Hakuna aliyemuaga.

Nyumbani, alipoingiza ufunguo, mlango ulisukumika wenyewe. Ndani palinukia mvua. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka.

"Umechelewa leo, dada."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, ila ya upole ambao mdogo wake hakuwa nao tena. Fundi alisimama kizingitini. Majirani walikuwa wanapita njiani, wamembeba mtoto aliyesinzia, na angeita wangekuja.

Akavua viatu, akafunga mlango kwa ndani.

"Kazi," alijibu. "Leo zilikuwa nyingi."