Pumzi za Injini

Jua lilikuwa linazama Fundi alipobaki studio peke yake, na kazi iliyobaki ilikuwa ndogo tu: kusafisha ngoma. Si kwa sabuni, la. Mchana ule shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa amerekodi seti nzima, kila ngoma na maiki yake, kila maiki na traki yake, njia yake ya sauti, kwenye kompyuta. Kwa kupiga, bwana yule hakuwa na mpinzani. Tatizo ni kwamba akipiga, anahema. Tena si kuhema kwa kistaarabu. Anahema kama lori la saruji linalopanda mlima, na mihemo yote inaingia kwenye kila maiki. Ndiyo maana bendi nzima ilimwita Injini.

Fundi, mtu asiyewahi kupishana na utani bila kuusalimia, alianza kwa kuzikata zile pumzi, akazipanga zifuate mdundo, akazituma kwenye kundi la bendi. "Kibao kipya hicho," akaandika. Watu walicheka mpaka simu ikapata joto.

Injini naye yumo kwenye kundi. Akaandika neno moja.

"Sawa."

Fundi akalisoma mara mbili. Akaendelea na kazi. Akafuta pumzi kwenye traki ya ngoma kubwa. Akafuta kwenye ndogo. Kwenye matoazi. Zikabaki ngoma tupu, safi...

Chumba kikanuka jasho. Jasho la mtu aliyetoka kupiga sasa hivi.

Simu ikaita. Dada yake, ananong'ona.

"Kaka, shemeji yako yuko hapa mezani. Hapumui."

"Mpeleke hospitali, unanipigia mimi ya nini?"

"Anatembea. Amenimiminia chai. Nimemwekea kioo puani... hakishiki ukungu. Ananikodolea macho tu. Kaka, mmemfanya nini huko?"

Fundi alizitazama traki zake. Alijua. Amejuaje, hakujua, ila alijua, na uso ukamwaka kwa aibu mbele ya kompyuta isiyo na macho. Akabonyeza kurudisha. Pumzi zikarudi kwenye matoazi.

"Amekohoa," dada akasema.

Akarudisha kwenye ngoma ndogo. Kwenye kubwa. Upande wa pili wa simu kifua kikavuta hewa kwa mkoromo mrefu, na dada akaanza kulia.

"Alipaliwa tu huyo," Fundi akasema. "Mwambie nilikuwa natania..."

Akakata simu. Kusema nisamehe kulimshinda.

Kesho yake Injini akaja kurudia wimbo. Hakumtazama Fundi usoni. Akakaa nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, taa nyekundu ikawaka, akapiga wimbo mzima mdomo umefungwa, jasho likimchuruzika, mishipa ya shingo imemtoka, kifua kimetulia kama ukuta. Fundi akampungia mkono aache. Hakuacha.

Wimbo ulipoisha, Injini akaingia chumba cha mitambo, akavuta kiti karibu na Fundi.

"Tusikilize."

Ngoma zilikuwa safi. Lakini nyuma yake... pumzi. Nyembamba, za harakaharaka, za mtu mwenye hofu. Kwenye kila traki.

Fundi akazitambua.

Zilikuwa zake.

Na muda wote yeye alikuwa huku, upande huu wa kioo, ambako hakuna maiki.

"Kelele za nani hizi, shemeji?" Injini akauliza taratibu. Mkono wake ulikuwa umeshashika kipanya. Akaanza kuziwekea alama, moja baada ya nyingine, tayari kwa kufutwa.

"Shemeji," Fundi akanong'ona. Macho yake yalikuwa sakafuni. "Nisamehe. Nilikudhalilisha mbele za watu."

"Nimekusikia," Injini akasema.

Lakini mkono hakuuondoa.