Mkate Ambao Mtalii Hakuupiga Picha

"Kituo cha saba," Sindano alisema kwenye kifaa cha sikioni. "Anakula keki."

"Tena?" Bosi akauliza.

"Tena. Huyu kisukari kitamkamata kabla hatujamkamata sisi."

Mtu mwenyewe walimpa jina la Mtalii. Kamera ya Canon kifuani, kidaftari mkononi, akijitapa kwamba anaandika kitabu cha mikahawa na maduka ya mikate ya mitaani. Uongo mtupu! Alikuwa mnunuzi wa siri za watu. Asubuhi hiyo, mahali fulani katika ziara yake ya kula, angekabidhiwa memori kadi yenye ramani za mitambo yote ya maji ya jiji. Ndege yake ilikuwa saa tano. Ikiruka na kadi ile, wenzake ng'ambo wangeweza kulikausha jiji zima kwa siku moja.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Sindano, jasusi wa serikali, alipewa kazi hii kwa sababu aliijua mikahawa hiyo kama kiganja chake. Hakumwambia Bosi aliijuaje. Zamani, kila Jumamosi, yeye na mkewe walitoka kwa miguu, mtaa mmoja baada ya mwingine, wakionja na kubishana. Mkewe alikuwa mwokaji, mtumiaji wa mkono wa kushoto. Miaka mitatu iliyopita alifungasha akaondoka, akisema amechoka kulala na mtu asiyemjua. Hakukuwa na talaka. Sindano bado alimpenda, na jambo hilo lilimuuma kila siku.

Mtalii akainuka.

Kituo cha nane kilikuwa duka dogo lenye mlango wa kijani, jipya. Aliingia, akatoka na mkate mmoja.

Hakuupiga picha. Hakuumega, kama alivyofanya kwingine kote.

"Ni huo," Sindano akanong'ona.

Alivuka barabara. Hatua sita. Mdomo wa bastola yake ya Beretta ukagusa mbavu za Mtalii chini ya koti.

"Nipe mkate, ndugu yangu. Taratibu."

Alipewa. Akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole. Mkate ulioiva vizuri hulia wazi kama debe tupu. Huu ulikuwa bubu.

Akaupasua. Kadi ilikuwemo, imefungwa karatasi ya foili. Ilipenyezwa kwa chini baada ya mkate kuiva, tundu likazibwa kwa unga uliokandwa na kukaushwa tanurini kidogo tu, kadi isiungue. Kazi safi. Mtalii hawezi kazi hiyo hata aote.

Ndipo alipoziona chale za kisu juu ya mkate, zile ambazo mwokaji huzikata kabla ya kuoka. Wenye mkono wa kulia huzilaza upande mmoja. Hizi zililala upande wa pili, tatu, ya katikati ndefu.

Aliujua mkono ule.

Vijana wawili wa Bosi wakamtia Mtalii garini. Sindano akasukuma mlango wa kijani.

Mkewe alikuwa nyuma ya kaunta, unga hadi viwikoni. Alimwona, akauona mkate uliopasuka, akaweka kisu chini.

"Ulijua kilichomo?" Sindano akauliza. Alikuwa anamwomba aseme hapana.

"Nilijua."

"Kwa nini, mke wangu?"

"Yule mwenye kamera aliahidi kunichukua twende ng'ambo. Naye ni mwongo, sikatai. Lakini alikaa pale mezani akanisimulia maisha yake hadi kahawa ikapoa. Wewe nilikuuliza miaka sita unafanya kazi gani. Leo ndipo umenijibu."

Sikioni, Bosi aliuliza kama mwokaji naye yumo, au alitumiwa tu bila kujua. Neno moja lingetosha kumwokoa. Sindano alifumba macho. Aliwaza mabomba makavu, na wagonjwa hospitalini wakililia maji.

"Yumo," akasema.

Mkewe hakulia. Alivua aproni, akaikunja, akamwambia kuna mikate tanurini, itoke baada ya dakika kumi, majirani wanaingoja. Kisha akanyoosha mikono yake kwa pingu. Sindano alishindwa kuzifunga. Vijana wa Bosi wakaingia, wakazifunga wao.

Gari likaondoka. Yeye akabaki.

Dakika ya kumi alitoa mikate, akaipanga rafuni. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Bibi mmoja wa jirani aliingia, akachagua wake, akauliza yuko wapi mwenye duka.

"Amesafiri, bibi."

"Na wewe ni nani wake?"

Uongo ulikuwa kazi yake. Alikuwa na majina kumi na moja, na pasipoti kwa kila jina.

"Mume wake," akasema.

Bibi akamwangalia vizuri, akamwambia pole, ingawa hakuna aliyemweleza kitu. Sindano akafunga mlango wa kijani, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akashika njia kwa miguu.

"Kazi nzuri," Bosi akasema sikioni.

Sindano akachomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni.